Mwaka Nilioambiwa Nimefeli

Edita alinipigia simu kutoka hospitali akaniambia, "Mama mdogo, daktari anasema figo za mama zimefeli." Nilikuwa uani napeta maharage. Mtu mwenye moyo mzuri angeuliza mgonjwa anapumuaje, amekula nini, nani yuko naye. Mimi nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa juu ya figo wala juu ya daktari, ilikuwa juu ya lile neno. Zimefeli! Kwani figo zilifanya mtihani gani? Nilimwambia Edita nakuja, nikakata simu, nikaendelea kupeta maharage ambayo yalikwisha kuwa safi kitambo. Kabla sijapata gari la kunifikisha Mbinga mjini, mgonjwa alikuwa ameshafariki.

Marehemu alikuwa dada yangu, binti wa baba mkubwa, tumekulia ua mmoja. Serikali, kanisa la mjini, wanafunzi aliowafundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na hata watoto aliowazaa mwenyewe, wote walimjua kwa jina la Kandida. Mimi namwita Hyasinta, kwa kuwa ndilo jina alilobatizwa, na kwa kuwa Kandida ni mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike. Mwaka niliomaliza darasa la saba, msichana mmoja tu wa shule yetu alichaguliwa kwenda sekondari. Msichana huyo nilikuwa mimi. Aliyekwenda ni yeye, kwa jina langu, na mimi nikaambiwa nimefeli. Nafasi ile ndicho kitu nilichowahi kukitaka kwa roho yangu yote, na mwaka ninaousimulia hapa ni mwaka nilioishi bila kujua kwamba nilikuwa nimeipata.

Neno lenyewe nimelisikiliza maisha yangu yote, kila linapopita. Wajukuu zangu wanalitumia kama chumvi. Nikibonyeza simu vibaya wananicheka, "Bibi, unafeli wapi?" Kijana wa bodaboda akichelewa abiria akachukuliwa na mwenzake, pale stendi wanamwambia amefeli. Lori likishuka milima ya kwetu bila kushikika, breki zimefeli. Ndoa inafeli, biashara inafeli, sasa na figo. Lakini sijamsikia mkulima wa kahawa akisema kahawa yake imefeli. Atakwambia imekataa, imeungua na jua, imeliwa na wadudu, atakutajia kilichoifanya ikawa hivyo. Na wazee zamani walisema mtu ameshindwa. Ukisema umeshindwa, lazima atokee wa kukuuliza umeshindwa na nani. Ukisema umefeli, hakuna anayeuliza, wanakuangalia wewe tu. Ni neno ambalo limemwacha mtendaji nje ya mlango, na ndiyo maana lilitufaa sana nyumbani kwetu.

Siku habari zilipokuja ilikuwa masika, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Tulikuwa tumerudi kupalilia mahindi kwenye ngoro, yale mashimo tunayochimba Wamatengo kwenye miteremko ili maji yasiondoke na udongo, na jikoni kwa mama kulikuwa na moshi wa kuni mbichi na nguo zetu zilizolowa zimetundikwa juu ya moto. Mama alikuwa anasonga ugali. Nilikuwa na furaha isiyo na sababu, kwa kuwa mtihani ulikuwa umenikalia vizuri na nilijua hivyo, mtu aliyejibu anajijua. Kutoka mlangoni nilimwona mwalimu mkuu akipita na mwavuli wake, haendi kwetu, anakwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa, kwenye sengu. Kwetu wanaume wa ukoo hula pamoja. Kila nyumba inapeleka sahani yake kwa mkubwa wa ukoo, wanakaa wote, mwenye nyama na mwenye mboga za majani, na chakula kile hakina mwenyewe tena. Wakishanawa mikono, mambo ya ukoo yanaamuliwa hapohapo: nani alime bonde lipi, nani aozeshwe, nani aonywe. Hiyo ndiyo sengu, na nilifundishwa kuionea fahari, kwa maana kwetu hakuna mtoto aliyelala na njaa wakati wa jirani ana ugali.

Mimi ndiye niliyepeleka sahani yetu siku ile. "Shikamoo mwalimu," nikasema. "Marahaba," akajibu, anaangalia maharage. Hakuniuliza hali kama alivyozoea. Nilipogeuka kutoka nilimsikia baba mkubwa akisema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Jina ni la ukoo. Hapa hakuna mtu anayekula peke yake. Na tukila, anatangulia nani?" Sauti nyingi zikajibu kwa pamoja, "Mkubwa." Nilisikia na ya baba yangu katikati yao. Nilidhani wanazungumzia mtoto mchanga wa kupewa jina, maana ukoo wetu haukosi watoto wachanga, nikarudi jikoni nikamwambia mama kwamba wanaume leo wana shughuli ya jina. Mama aliacha kusonga kidogo, kisha akaendelea. Sasa ninapokumbuka ule mwiko uliosimama ndani ya chungu naona kwamba alikuwa amekwisha kujua, au alijua pale pale. Sikupata kumuuliza.

Baba aliniita kwenye chumba cha kahawa. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya nyumba, magunia ya kahawa iliyokauka yamepangwa mpaka dirishani, na harufu yake ilikuwa ile ya maganda na vumbi. Alikaa juu ya gunia, mimi nikasimama. Baba yangu hakujua Kiingereza hata kidogo. Maneno yake yalikuwa Kimatengo nyumbani, Kiswahili kanisani na sokoni. Lakini siku ile aliniambia, "Mwanangu, umefeli." Alilitamka polepole, kama mtu aliyefundishwa kulitamka muda si mrefu. Nikamwambia, "Baba, haiwezekani." Akasema, "Mwalimu amesema umefeli. Basi." Angesema nimeshindwa, pengine ningebishana. Neno la kizungu lilinifunga mdomo. Nililiona limetoka mbali, limetoka kwa wenye mitihani yao, na mtoto wa mlimani hana wa kumwendea kulibishia.

Wiki hizo hizo tuliambiwa Hyasinta anakwenda Songea kwa mama yake mkubwa kujifunza kushona. Yeye alikuwa amemaliza shule kabla yangu na hakuchaguliwa, alikuwa anakaa tu nyumbani anasaidia kumenya kahawa. Nilimpigia pasi nguo zake. Nilimbebea sanduku lake kichwani mpaka barabarani kusubiri basi linalopita Kitai kwenda Songea, sanduku zito la kushangaza kwa mtu anayekwenda kushona, nami nikamtania, "Dada, umebeba cherehani humu?" Alilia sana. Aliponikumbatia nilimbembeleza, nikamwambia asiogope, Songea si mbali. Nilimwonea huruma mtu aliyekuwa ameketi juu ya sanduku lenye madaftari yaliyopaswa kuwa yangu. Nimejaribu miaka mingi kuicheka picha hiyo, na sijaweza.

Halafu wakaniondoa na mimi. Baba alisema shangazi Kolumba, dada yake aliyeolewa na Mnyasa kule ziwani, anahitaji msaidizi. Nilishuka na lori la kwenda Mbamba Bay, milima ikifunguka chini yetu na ziwa likitokea kule mwisho, na nilishuka kutoka baridi na kuingia joto lenye jasho na mbu. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya vyumba viwili, mchangani, hatua chache na maji. Kimoja walilala yeye na mume wake, cha pili nililala mimi na nyavu. Nyavu zilining'inia kutoka kwenye boriti, zina harufu ya samaki na lami ya mtumbwi, na nikigeuka usingizini zilinigusa uso. Tulikula ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wa ziwani, asubuhi usipa, jioni usipa. Nililia kwa ajili ya maharage ya kwetu, shangazi akanicheka, "Binti wa kaka, utazoea. Tumbo halina kabila."

Kazi ilikuwa ya dagaa hao hao. Mitumbwi ikifika tunawamwaga kwenye vichanja na kwenye mchanga uliofagiliwa, tunawageuza, tunafukuza kunguru, na wingu likitokea upande wa Malawi kila mwanamke anakimbia na kikapu kwa kelele. Ningeipenda kazi ile kama ningekuwa nimekuja kwa miguu yangu. Wanawake walikuwa wachangamfu, wanaimba kwa Kinyasa, wananifundisha matusi madogo madogo. Lakini shangazi alinitambulisha siku ya kwanza, bila ubaya wowote, "Huyu ndiye mtoto wa kaka, yule aliyefeli." Basi likawa jina langu. "Yule aliyefeli yuko wapi? Mwambie alete chumvi." "Aliyefeli ana mikono mizuri ya kugeuza samaki." Jioni moja, nikiwa nyuma ya ukuta naosha vyombo, nilimsikia mvuvi mmoja mjane, mwenye watoto wakubwa kunizidi, akimwambia mmoja wa jirani zetu, "Sasa kama amefeli si aolewe? Anangoja nini?" Na yule jirani akamjibu, "Hata mimi nashangaa." Niliosha sufuria ile mpaka mikono ikauma. Kufeli kulikuwa kumeondoa umri wangu. Waliofaulu walikuwa bado watoto, mimi nilikuwa tayari mke wa mtu ambaye hajajulikana.

Nilipeleka usipa mara kwa mara jikoni kwa mapadri. Palikuwa na padri mzee, Mmatengo mwenzetu, aliyesoma seminari enzi za Misa ya Kilatini, na alipenda kuzungumza Kimatengo na mtu yeyote aliyeshuka kutoka juu. Siku moja alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya jikoni nimeinamisha kichwa, akaniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu, nimefeli tu. Kisha nikamuuliza, "Padri, hili neno maana yake hasa ni nini? Nani alilitunga?" Nadhani hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo, maana aliketi kwenye ngazi pamoja nami, kanzu yake ikiingia kwenye maganda ya vitunguu. Akasema Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, na kwenye Kilatini kile cha zamani, kabla halijaingia shuleni, maana yake ilikuwa kudanganya. Kumfanya mtu akanyage pasipo na ardhi. Baadaye likawa kupungukiwa, kukosa, kuishiwa, na mwisho ndio huku kwenye mitihani. Nikamuuliza, "Sasa aliyefeli ndiye aliyedanganya, au ndiye aliyedanganywa?" Padri akacheka mpaka akakohoa. "Unauliza maswali kama watu wa seminari," akasema. "Na mtu kama wewe wamekuachaje?" Aliniuliza hivyo kama utani tu, akainuka akaenda kusali sala zake za mchana.

Aliyenifungua macho alikuwa Zainabu, binti wa mwenye duka pale Mbamba Bay. Baba yake alikuwa Mwislamu wa asili ya pwani, mpole, anauza chumvi na mafuta ya taa, na binti yake alikuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana huko juu. Alikuja likizo ya katikati ya mwaka. Nilikwenda kununua chumvi nikamkuta barazani na sketi yake ya shule, nikaitamani ile sketi hata nikaona aibu. Alitaka kuzungumza na mtu wa rika lake. Akaniuliza kwetu wapi, nikamtajia kijiji. "Ee! Kuna mwenzetu darasani anatoka huko huko. Kandida. Kandida Teofili. Unamjua?" Teofili ni baba yangu. Nikamuuliza yukoje. "Mrefu. Ana kovu hapa kidevuni. Mkimya sana. Mwanzoni walimu wakimwita jina hageuki mpaka umguse, sisi tukadhani ni kiziwi." Kovu lile Hyasinta alilipata kwenye mashine ya kumenya kahawa, mimi ndiye niliyekimbia kumwita mama. Nilimwambia Zainabu, "Namjua." Nikalipia chumvi. Nilipofika mchangani sikuweza kwenda mbele wala kurudi, nikakaa pale jua likinichoma, na kitu kilichonijia kwanza, na hili nalisema kama lilivyokuwa, kilikuwa furaha. Nilikuwa nimefaulu. Nilijua! Nilikuwa nimefaulu! Hasira ilikuja baadaye, ikakaa, na haijahama.

Shangazi hakukana. Alikuwa anachambua usipa, hakuinua hata macho. "Mwanangu, mimi niliambiwa nikupokee. Sikuambiwa nikueleze."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Ningefanya nini, niipinge sengu nzima kutoka huku ziwani? Nilisema nitakutunza. Sijakutunza?"

Alikuwa amenitunza. Hilo lilinikera zaidi. Nilipanda lori lililobeba usipa kwenda mlimani, nimekaa juu ya magunia, na nilifika nyumbani ukiwa msimu wa kahawa, watu wote mashambani na mikono myeusi kwa utomvu. Nilingoja jioni, wanaume wakishakaa. Mwanamke haingii sengu ila kuweka sahani na kutoka. Mimi niliingia mikono mitupu, nina harufu ya samaki, nikasimama katikati yao. Walikuwa wanakula kuku. Nikasema shikamooni, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kuanza, wakaitikia wote marahaba kwa sababu na wao hawakujua nyingine. Kisha nikamwambia baba, "Baba, mimi sikufeli."

Hakuna aliyefoka. Ningependa kusimulia kwamba walinifukuza, maana mtu aliyefukuzwa anakuwa na la kushika. Baba mkubwa alisogeza kigoda na kusema, "Kaa mwanangu, ule." Hakuna msichana aliyewahi kukaribishwa kula sengu tangu ukoo uanze, na mimi nilikaribishwa ili ninyamaze. Nilibaki nimesimama. Akasema basi, bila kuona haya, kwamba nafasi ile ilikuwa imekuja ndani ya ukoo kama mnyama aliyenaswa, na mnyama haliwi na mtu mmoja. Hyasinta ni mkubwa, ametangulia kuzaliwa, mdogo hawezi kukaa sekondari na mkubwa wake anamenya kahawa. Mwakani, kesho kutwa, ikija nyingine ningepewa mimi. "Kwa jina gani?" nikauliza. "Langu amelichukua." Wakaangaliana. Naamini kabisa kwamba jambo hilo hawakuwa wamelifikiria. Walizoea kugawana mashamba, mbuzi, zamu za maji, vitu ambavyo mwaka ukipita unaweza kubadilishana tena. Hawakujua kwamba shule haigawanyiki vile, kwamba karatasi ikishasema huyu ni Kandida haitarudi sengu kuulizwa. Sikuwa na watu wabaya mle ndani. Ningekuwa nao ningewachukia, nikamaliza.

Baba yangu ndiye aliyezungumza mwisho, naye alikuwa anaangalia mfupa mkononi mwake. "Wewe Mungu amekupa akili," akasema. "Ukiwa ziwani utaishi, ukiwa mlimani utaishi. Yule hana kitu kingine." Alidhani ananisifu. Nimeyageuza maneno hayo kila upande miaka yote hii na kila upande yananikata. Aliyekuwa na akili nyingi ndiye aliyenyimwa shule, kwa sababu alikuwa na akili nyingi. Nikatoka. Jikoni mama alinipa ugali na maharage niliyoyatamani nusu mwaka, akaniambia kwa sauti ndogo, "Waambie watu umefeli. Ni neno fupi. Ukianza kueleza lingine, mwalimu atafungwa na baba yako atafungwa." Nilikula. Nilikuwa na njaa.

Mtu mmoja tu alinifuata nje. Alikuwa baba mdogo Ditrami, mdogo wao wa mwisho, kijana wa ndevu za kwanza ambaye mwaka ule ndio alikuwa ameanza kukaa sengu kama mtu mzima. Alinikuta kwenye mibuni. "Nilijua siyo sawa," akasema. "Lakini ndiyo kwanza nimeruhusiwa kuzungumza mle. Ningeanzaje kwa kuwapinga?" Kisha akasema, "Siku moja nitasema. Wakishaondoka hawa, nitasema." Nilimwamini. Katika nyumba yote ile ndiye pekee aliyenipa kitu cha kungojea, na nilikichukua.

Mengine yalikwenda yalivyokwenda. Hati yangu ya kumaliza shule ilikuwa na jina la Hyasinta, kwa kuwa lazima mtu mmoja awe yule aliyefeli, na kwa jina hilo nilijiandikisha kila mahali, nikaolewa, nikanunua shamba, nikapiga kura. Nyumbani niliitwa Mama Beno na sikuhitaji lingine. Hyasinta alikuja likizo za kwanza akitembea kando ya ukuta ili tusikutane. Baadaye akaacha kuja, akawa mwalimu, akajenga mjini. Hakuwahi kuniomba radhi na sikuwahi kumwomba aniombe. Tulipokutana misibani tulisalimiana vizuri sana. Wakubwa waliondoka mmoja mmoja: baba mkubwa, mwalimu mkuu, mama, baba yangu, shangazi Kolumba. Kila tulipozika mmoja nilimtazama Ditrami, naye alitazama kaburi. Nilijiambia bado Hyasinta mwenyewe yu hai, Ditrami anamwonea haya mwenyewe. Haya, sasa mwenyewe alikuwa amelala kwenye jeneza sebuleni kwake, Mbinga mjini.

Walikuwa wamefunga maturubai mawili, viti vya plastiki, spika kubwa. Kwaya ya parokia ilikuwa inaimba na wanawake walikuwa nyuma ya nyumba na masufuria ya wali na nyama. Karibu wote waliokaa pale walikuwa watu wa mjini, walimu wenzake, majirani, watu waliomjua akiwa na chaki mkononi. Kutoka mlimani tulikuwa wachache, na kati ya wote hao aliyekuwepo kwenye sengu ya siku ile alikuwa mmoja, mzee Ditrami, amevaa koti na amewekwa mbele kama babu wa familia. Edita alinishika mkono akanipeleka pembeni. "Mama mdogo, tunaomba useme maneno machache kwa niaba ya nyumbani. Mama alikupenda sana. Alikuwa anatutajia wewe kila tukileta matokeo mabaya."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema," na mtoto wa watu alitabasamu huku machozi yanamtoka, kwa kuwa ilikuwa kumbukumbu nzuri kwake, "someni kwa bidii, msije mkafeli kama mama yenu mdogo. Kwamba ulikuwa na akili lakini ulipenda kucheza."

Nilimwacha anifutie kiti, nikakaa, nikamsikiliza mwenye kipaza sauti akisoma maisha ya marehemu: alizaliwa lini, na ilikuwa tarehe yangu, wazazi wake nani, na walikuwa wazazi wangu, alisoma shule gani ya msingi na akafaulu vizuri akiwa msichana pekee. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Kisha akasema, "Sasa tumkaribishe mdogo wa marehemu, Mama Hyasinta." Nilisimama na kipaza sauti mkononi, na sikuwa nimepanga chochote. Niliwatazama watu wale wote na nikasema, "Kandida ni mimi. Aliyelala mle ndani anaitwa Hyasinta. Mimi ndiye niliyefaulu."

Nilimwona Edita ameweka mkono mdomoni. Nikamgeukia Ditrami, nikamwambia kwenye spika, mbele ya wote, "Baba mdogo, waambie. Wameshaondoka wote. Umebaki wewe." Aliinuka. Aliinuka taratibu kwa magoti yake ya uzee, akaja mpaka niliposimama, na kwa muda ule aliokuwa anatembea nilikuwa tena msichana kwenye mibuni, nangoja. Alinitoa kipaza sauti mkononi kwa upole kabisa. "Ndugu zangu," akasema, "mtuwie radhi. Huyu amelelewa pamoja na marehemu kama pacha, uchungu umemzidi. Wanangu, mchukueni mama yenu, mpeni maji."

Walinichukua. Vijana wawili wa marehemu, wenye adabu, mmoja kila upande, wananiambia pole mama mdogo, pole sana, jikaze. Walinikalisha kivulini nyuma ya nyumba, karibu na masufuria, wakaniletea maji yenye sukari, na mwanamke nisiyemjua akanipepea kwa khanga. Hakuna aliyenikasirikia. Spika ilifika hata huku nyuma, nikamsikia baba mdogo akiendelea, sauti imepata nguvu, akisimulia jinsi Kandida alivyokuwa na akili tangu mtoto, jinsi alivyojibu maswali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, jinsi ukoo mzima ulivyojua kwamba huyu atafika mbali. Yote yalikuwa kweli na alikuwa anayakumbuka vizuri. Alipomaliza akasema, "Kandida apumzike kwa amani," na watu wote wakaitikia amina, na mimi, glasi ikiwa mdomoni, nikasikia na sauti yangu imo.